Ukianza Kushushwa Dozi ya Prednisoloni

Hotuba hii niliitoa Jumamosi ukumbini Uyole, mbele ya wagonjwa na walezi wao kutoka Mbeya mjini, Rungwe, Mbarali, Njombe na Iringa. Kuna ndugu waliokwama kwa mvua, na wengine walikuwa msibani Kyela. Wameniomba niiandike yote, nami nimeiacha kama nilivyoizungumza.

Kamwene! Naona Iringa na Njombe mmeitika kwa sauti moja. Mugonile, wana-Rungwe! Wazazi wangu, kaka zangu, dada zangu, na ninyi watoto mliokaa hapa mbele na mama zenu, asanteni kwa kuja.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Wodini nimeuguza watu wa pumu, wa lupasi (ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe), wa baridi yabisi, watoto ambao figo zao zinavuja protini, watu wa ukoma waliovimba mishipa ya fahamu, watu ambao ngozi zao zilitoka malengelenge mwili mzima. Magonjwa tofauti kabisa. Lakini wote hao, wakati fulani, walipewa kidonge kilekile: prednisoloni. Na wote walifika mahali daktari akasema, "Haya, sasa tuanze kukushusha."

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Mtu akianzishiwa dawa, walau anaelezwa kidogo. Akianza kushushwa, mara nyingi anaandikiwa tu karatasi: vidonge sita kwa wiki mbili, vitano kwa wiki mbili, vinne kwa wiki mbili. Anakunja karatasi, anaitia mfukoni, anarudi kijijini. Nani amemwambia kwamba huko njiani atachoka mpaka ndoo ya maji imshinde? Nani amemwambia kwamba mapaja na mabega yatauma, kwamba atalia bila kujua analilia nini? Hakuambiwa. Kwa hiyo hayo yakimkuta anafanya moja kati ya mawili: ama anaitupa dawa yote, ama anajipandishia dozi mwenyewe bila kumwambia mtu. Yote mawili yameumiza watu ninaowajua.

Ndugu zangu, nimekuja na jambo moja tu. Mateso ya kushuka dozi yana sababu, na sababu hizo ni tatu tofauti, na kila moja ina jibu lake. Ukijua ni ipi iliyokushika, hutaiacha dawa ghafla na hutairudia kiholela. Nitafika huko. Kwanza tuizungumzie dawa yenyewe, maana wengi wenu mnaichukia.

Mwezi Septemba mwaka 1948, katika Mayo Clinic, mjini Rochester, Marekani, alikuwepo mwanamke kijana aliyelemazwa na baridi yabisi. Hata kujigeuza kitandani ilikuwa kazi. Daktari Philip Hench na wenzake wakamdunga homoni ambayo mwanasayansi Edward Kendall alikuwa ameifanyia kazi miaka mingi, ile iliyokuja kuitwa kotisoni. Siku chache tu, yule mama akaanza kutembea. Kabla mambo hayajapoa akatoka hospitali kwenda kuzunguka madukani. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi wakapewa Tuzo ya Nobeli.

Lakini habari hiyo ina sehemu ya pili, nayo husimuliwa mara chache. Sindano zilipokatishwa, maumivu yakarudi. Na waliopewa dozi kubwa kwa muda mrefu wakaanza kuvimba nyuso, kukosa usingizi, kubadilika tabia. Yaani katika miaka ileile dawa ilipozaliwa, madaktari waliona faida yake, wakaona gharama yake, na wakaona ugumu wa kuiacha. Prednisoloni ilikuja katikati ya miaka ya 1950, na mambo hayo matatu imekuja nayo.

Kwa hiyo, mama uliyevimba uso, hukurogwa. Baba ambaye kitambi kimeota huku miguu ikikonda, si mkono wa mtu. Dada uliyetokwa na michirizi tumboni na mapajani, si laana. Ni dawa. Na ni dawa hiyohiyo iliyozuia figo zako zisife, au iliyokurudishia pumzi usiku ule mliodhani hutafika asubuhi. Nawaomba muyashike yote mawili kwa pamoja, kwa sababu anayeona ubaya wake peke yake ndiye anayeikatisha.

Sasa, kwa nini isikatishwe?

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Kazi yake mojawapo ni kutengeneza homoni iitwayo kotisoli. Hiyo ndiyo inayotusaidia kuamka. Hupanda kuelekea alfajiri, na usiku wa manane huwa chini kabisa. Inashikilia presha isianguke. Inashikilia sukari. Ukipata homa, ukivunjika mguu, ukipasuliwa, mwili hutengeneza kotisoli nyingi zaidi ili ustahimili. Kiasi ambacho mwili wa mtu mzima hutengeneza kwa siku ya kawaida kinakaribia nguvu ya kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5, au pungufu kidogo. Kidonge kimoja! Na wewe umekuwa ukimeza vinane, kumi, kumi na viwili.

Ubongo ukiikuta damu imejaa homoni kutoka kwenye vidonge, unaacha kuziagiza tezi zifanye kazi. Tezi isiyoagizwa kazi husinyaa. Kwa mtu wa pumu anayepewa dozi ya siku 5 au 7 hakuna shida. Kwa kawaida akimaliza anaacha, hahitaji kushushwa, labda awe anapewa dozi hizo mara kwa mara. Lakini ukishazidi wiki 3 au 4 mfululizo, tezi zako hazirudi kazini siku ileile unapoacha vidonge. Zinaweza kuchukua wiki. Zinaweza kuchukua miezi. Kwa wengine mwaka unakatika na bado.

Nimeona kinachotokea. Palikuwa na fundi mbao mmoja wa Mafinga, mtu mwenye nguvu zake, aliyepata ugonjwa wa malengelenge. Alitumia prednisoloni miezi mingi, ngozi ikapona vizuri kabisa. Kazini wenzake walikuwa wakimtania uso, wakimwita bosi kwa mashavu yale. Akasema moyoni, ngozi imepona, vidonge vya nini tena? Akaacha. Siku ya tatu akachoka. Siku ya nne akaanza kutapika. Nyumbani wakasema malaria, wakamnunulia dawa ya malaria. Siku ya sita alitoka nje alfajiri kwenda chooni, akaanguka palepale uani.

Alipoletwa alikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni, jasho linamtoka, presha haishikiki, sukari imeshuka, tumbo linamuuma mpaka wengine wakafikiri apasuliwe. Daktari akamgeukia mkewe: "Mama, mgonjwa alikuwa anatumia dawa gani?" Yule mama akafungua pindo la kanga yake. Ndani palikuwa na pesa ya nauli, na pakiti tupu ya prednisoloni aliyoiokota chini ya kitanda. Pakiti ile ndiyo iliyomwokoa. Akachomwa haidrokotisoni, yaani kotisoli yenyewe kwa sindano, miligramu 100, akawekewa dripu ya maji ya chumvi, na jioni alikuwa ameketi anaomba uji.

Mkewe alinishika mkono akasema, "Sista, mbona hakuna aliyetuambia?" Mpaka leo najibu swali lile, na ndiyo maana nimesimama hapa.

Wote mmepita Kitonga. Mmeona malori yenye shehena yanavyoshuka. Dereva mzoefu haanzi kuutafuta mwendo katikati ya kona. Anatia gia nzito tangu juu, na anashuka nayo mpaka bondeni, hata kama nyuma yake kuna basi linampigia honi. Na ninyi honi mtapigiwa. Shemeji atakuuliza, "Bado tu unameza?" Jirani atakwambia fulani aliacha kwa wiki moja. Mwache apige honi.

Daktari anaposhusha, hashushi kwa mwendo mmoja. Kwenye dozi kubwa anaweza kupunguza miligramu 5 au 10 kwa hatua moja. Ukishuka chini ya 20, hatua zinakuwa ndogo. Ukifika 10 kwenda chini, ndipo polepole hasa, miligramu 2.5 au hata 1 kwa mwezi, kwa sababu sasa unaingia kwenye kiasi ambacho mwili ulipaswa kujitengenezea wenyewe. Wengi mnaniambia, "Mbona nilitoka 40 mpaka 15 bila shida, na huku chini ndiko ninakoteseka?" Sababu ni hiyo. Huko chini ndiko tezi zinapoulizwa: mpo? Na kama vidonge mnavyopata ni vya miligramu 5, na karatasi inasema nusu, muulizeni mfamasia awaoneshe jinsi ya kukikata sawasawa. Kukimega kwa meno kunakupa kubwa leo na ndogo kesho.

Sasa twende kwenye yale matatu. Hapa naomba tuwe makini.

La kwanza ni mwili kuidai dawa. Umeuzoeza homoni nyingi, umeipunguza, unalalamika. Uchovu. Misuli kuuma, hasa mapaja na mabega. Viungo kukakamaa. Kukosa hamu ya kula, kichwa kuuma, huzuni, hasira za karibu. Mara nyingi huanza siku chache baada ya kupunguza, na mara nyingi hutulia lenyewe wiki moja, mbili, wakati mwingine zaidi.

La pili ni ugonjwa wenyewe kurudi. Huu haulalamiki mwili mzima. Unarudi na sura yake ya zamani. Wa baridi yabisi, vidole vinavimba, vina joto, asubuhi ngumi haifungiki kwa zaidi ya saa nzima. Wa pumu anakohoa usiku na kifua kinapiga filimbi. Mtoto wa figo anaamka macho yamevimba na mkojo una povu. Wa lupasi anaona vipele vyake vilevile, vidonda vya mdomoni vilevile. Mnaijua sura ya ugonjwa wenu kuliko mtu yeyote. Je, imerudi sura hiyo, au ni uchovu tu?

La tatu ni tezi kushindwa. Kizunguzungu ukisimama. Kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, uzito kupungua, mwili kuishiwa kabisa, presha kuwa chini kila unapopimwa. Hili halingojewi litulie. Nitalirudia.

Palikuwa na mama mmoja mkulima wa viazi kule Isyonje, mgonjwa wa baridi yabisi. Alishushwa kutoka miligramu 10 kwenda 7.5. Siku ya tatu akashindwa kwenda shamba. Akaamini ugonjwa umerudi wote, akataka kurudi 20 kwa kuwa vidonge anavyo ndani. Binti yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, akamwambia, "Mama, ngoja kwanza tuandike."

Nililiona daftari lile kwa macho yangu. La mistari, lenye madoa ya udongo wa shamba. Kila siku mstari mmoja: dozi, saa aliyomeza, maumivu kwa alama kati ya sifuri na kumi, wapi panauma, na swali moja ambalo yule binti alilitunga mwenyewe: "Pete inaingia?" Maana mama ugonjwa ulipokuwa mkali, pete ya ndoa ilikuwa haiingii kidoleni. Sasa soma: siku ya tatu, maumivu nane, mapaja na mabega, pete inaingia. Siku ya tano, maumivu nane, mabega, amelia, pete inaingia. Siku ya tisa, maumivu tano, pete inaingia. Siku ya kumi na tatu, maumivu matatu, amekwenda shamba.

Mnaona? Vidole havikuvimba hata siku moja. Kliniki daktari akalisoma daftari, akampima presha akiwa amelala na akiwa amesimama, akaikuta nzuri. Hakumpandisha dozi. Alimpa parasetamo, akamwacha kwenye 7.5 mwezi mwingine kabla ya hatua inayofuata. Kama mama yule angejirudishia 20, angeanza safari upya, na daktari asingejua kamwe kilichotokea.

Kwa hiyo andikeni. Daftari la shilingi chache linatosha. Na kila mmoja atafute swali lake la pete. Wa pumu: nimeamka usiku kukohoa? Mtoto wa figo: mkojo una povu? Kama mmepewa vijiti vya kupimia protini kwenye mkojo, andikeni matokeo yake kila asubuhi.

Na hapa naomba watu wa sukari wanisikilize, kwa sababu jambo hili husahaulika. Steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, hupandisha sukari. Kuna watu waliongezewa insulini au vidonge vya sukari kwa sababu ya prednisoloni. Sasa prednisoloni inashuka, insulini imebaki palepale. Nini kitatokea? Sukari itaanguka. Utatetemeka, utatoka jasho, utachanganyikiwa, na nyumbani watasema ni ile dawa ya kushushwa. Kila dozi inaposhuka, pima sukari mara nyingi zaidi na mpeleke daktari namba hizo. Wa presha vilevile: dawa uliyoongezewa kwa ajili ya steroidi inaweza kuwa kubwa kupita kiasi steroidi ikipungua.

Tuseme sasa umejua ni la kwanza, mwili unadai tu. Unaishije?

Vidonge vimezwe asubuhi, baada ya kula, kuanzia saa 12 hadi saa 2 au 3, isipokuwa daktari amekupangia vingine. Ndiyo saa ambayo mwili wenyewe hupandisha kotisoli. Anayemeza jioni analala macho makavu, halafu analaumu mawazo. Na usilipie deni la usingizi kwa kulala mchana kutwa.

Maumivu, parasetamo kwa kipimo chake. Nawasihi, msikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni kwa kujinunulia. Zikikutana na prednisoloni, tumbo linapata vidonda na linaweza kutoa damu, na mgonjwa wa figo anaziumiza figo zake zaidi. Nimeona wazee wanatapika damu ya rangi ya kahawa kwa sababu ya kuchanganya hivi viwili. Huu ni mchanganyiko ninaouogopa kweli.

Chakula. Wakati wa dozi kubwa ulikuwa na njaa isiyoisha, ukila sahani ya ndizi na bado unatazama sufuria. Ukishuka, hamu inakatika. Basi kula kidogokidogo: uji, supu, parachichi, yai. Punguza chumvi na sukari. Mifupa imechotwa na dawa hii, irudishieni: maziwa, na Rungwe hamna sababu ya kukosa maziwa, dagaa wenye mifupa yao, maharage, mboga za majani. Na jua la asubuhi. Wazee na waliotumia muda mrefu waulize kliniki kuhusu vidonge vya kalsiamu na vitamini D.

Misuli ya mapaja hudhoofika, ndiyo maana kuinuka kwenye kigoda kunakuwa kazi. Dawa yake ni kuinuka. Kaa kwenye kiti kigumu, simama, kaa, simama, mara chache asubuhi na jioni, ukishika meza kama unayumba. Tembea mpaka kwa jirani. Lakini ndoo ya lita 20 kichwani, mwachieni kijana. Mgongo wenye mifupa laini huvunjika kimyakimya.

Na baridi hii yetu. Mwezi wa sita na wa saba, Makete na Uporoto kunaganda, na anayeshushwa dozi wakati huo anaumia mara mbili. Soksi, sweta, maji ya moto ya kuoga. Kama ugonjwa wako umetulia, si vibaya kumwomba daktari hatua ngumu isiangukie Julai. Ila jiko la mkaa lisiingie chumbani mlango ukiwa umefungwa. Tumezika watu kwa hilo, familia nzima.

Kuhusu moyo. Nataka niseme na wanaume hapa, kwa sababu akina mama husemezana kisimani, na nyinyi hamsemi. Steroidi hugusa akili, ikipanda na ikishuka. Mtu mpole anakuwa mkali. Mtu mcheshi anajifungia ndani. Anaweza kufikia mahali anaona bora afe. Baba, mawazo hayo yakija, mwambie mkeo usiku huohuo, na asubuhi nenda hospitali useme hivyohivyo bila kuficha. Ni jambo la kitabibu kama presha. Na ninyi wake na watoto, mkimwona amebadilika, msigombane naye kwanza. Angalieni karatasi: alishushwa lini?

Uso utarudi. Nasema kwa dada zangu ambao mmeacha kupiga picha: uso utarudi. Hautarudi kwa wiki, utarudi kwa miezi, kadiri dozi inavyoshuka. Michirizi itafifia, haitafutika yote. Mtoto wa jicho akishaingia haondoki kwa kuacha dawa, kwa hiyo macho yapimwe.

Sasa lile la tatu. Naomba utulivu, hata watoto.

Mtu yeyote aliyetumia steroidi zaidi ya wiki 3 au 4, awe anashushwa, au amemaliza ndani ya mwaka uliopita, mwili wake unaweza kushindwa siku ya shida. Siku ya shida ni ipi? Homa kali. Malaria. Kuhara na kutapika. Ajali. Upasuaji, hata wa kujifungua. Siku hizo mwili huhitaji homoni zaidi, na tezi zako haziwezi kuitoa. Kwa hiyo: ukiwa bado unatumia na umepata homa, dozi mara nyingi huongezwa kwa siku hizo chache, kwa wengi ni mara mbili. Muulize daktari wako sasa, ukiwa mzima, akuandikie kiasi chako. Ukitapika kidonge, na ukirudia ukakitapika tena, usikae nyumbani. Unahitaji sindano. Usiku, mvua, bodaboda, vyovyote vile, nenda. Na ukifika mapokezi sema maneno haya: "Ninatumia steroidi, ninashushwa, nahitaji haidrokotisoni." Tuseme wote. "Ninatumia steroidi, ninashushwa, nahitaji haidrokotisoni." Tena!

Na kama huwezi kusema kwa sababu umezimia? Basi karatasi iseme. Andika kwenye kikaratasi jina la dawa, dozi, tangu lini, na simu ya ndugu. Kiviringishe nailoni, kiweke pamoja na kitambulisho au kadi ya bima.

Misiba. Sisi ni watu wa misiba. Simu inapigwa usiku, alfajiri uko kwenye basi la Kyela, na vidonge vimebaki dirishani. Msiba ni siku tatu, nne, joto la huko chini, maji si yale uliyozoea, tumbo linaharibika. Kijana mmoja tulimpoteza hivyo. Nakiri sijui kulisema hili kwa upole: alifia kwenye msiba wa mjomba wake. Pakiti ya vidonge vya akiba ikae kwenye begi la safari siku zote.

Wapo hapa wenye kifua kikuu. Rifampisini, iliyomo kwenye dawa za TB, huiharakisha prednisoloni kuvunjwa mwilini. Unameza miligramu 10 na mwili unapata pungufu. Baadhi ya dawa za kifafa hufanya hivyo pia, na baadhi ya dawa za VVU huzuia steroidi isivunjwe ikazidi. Kwa hiyo ukianzishiwa dawa mpya popote, taja prednisoloni kwanza. Na mlioko kwenye dozi kubwa, mkikaa karibu na mtoto mwenye tetekuwanga au surua, semeni kliniki siku hiyohiyo. Wazazi, kabla ya chanjo yoyote mwambieni nesi mtoto anatumia nini.

Nimeombwa na dada mmoja nisiondoke bila kugusa krimu za kujichubua. Nyingi zina steroidi kali, betamethasoni au klobetasoli, hata pale kopo lisipoandikwa hivyo. Ukipaka mwili mzima kwa miaka, inaingia kwenye damu, na tezi husinyaa vilevile. Ukiacha, ngozi inawaka, inakuwa nyekundu, inawasha, na unairudia ili utulie. Vilevile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila jina. Vingine vina deksamethasoni, nayo ni steroidi. Dada yangu, sikuhukumu. Nenda kwa daktari wa ngozi, mpelekee kopo lenyewe, mwambie umetumia muda gani, naye atakupangia namna ya kutoka.

Na nyinyi wa pumu mnaovuta dawa kwa pampu, msitoke hapa mkaziacha! Steroidi ya kuvuta kwa dozi ya kawaida ni kidogo sana ukilinganisha na vidonge, na ndiyo inayowakinga msihitaji vidonge. Sukutueni mdomo mkimaliza, mteme.

Ndugu zangu, nimemaliza upande wangu. Mezani pale mlangoni kuna madaftari. Kila mmoja achukue moja, na vijana watawasaidia kuchora safu za dozi, maumivu, na swali lako la pete. Mwenye karatasi ya kushushwa asiyoielewa, aje nayo tuisome pamoja sasa hivi. Tutaanza na watu wa Makete, kwa sababu gari lao linaondoka saa 9.